Umeme wa jua visiwani: tuhesabu lita, tusihesabu taa

Sisi wa Kigoma tuna sababu zetu za kuubeza umeme wa jua. Kwa miaka mingi mkoa wetu ulikuwa kama kisiwa cha nchi kavu. Gridi ya Taifa iliishia mbali, tukaishi kwa majenereta, na dizeli yake ilisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Gridi ilipoanza kuingia mkoani mwaka 2022, wengi tukaona dawa ni waya tu. Ndiyo maana ukitaja barazani pale Mwanga kwamba nchi ndogo kama Palau imetandaza uwanja mzima wa paneli, utajibiwa haraka: sola ni ya taa na kuchaji simu, wangesubiri gridi.

Wasubiri gridi ipi? Palau iko katikati ya Pasifiki. Hata Unguja, iliyo jirani kabisa na Bara, iliwahi kuonja ubaya wa kutegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari: mwaka 2008 ilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mkubwa zaidi, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Kwa visiwa vya mbali hakuna hata huo wa kukatika. Kilichopo ni meli ya mafuta.

Hapo ndipo hesabu ninayoipenda inapoingia. Megawati 5 za paneli, kwa jua kama letu, hutoa wastani wa uniti 20,000 kwa siku. Jenereta zuri hutoa uniti nne hivi kwa lita moja ya dizeli. Kwa hiyo kila siku lita 5,000 hazichomwi. Kwa wiki ni lita 35,000, yaani lori zima la tangi. Kwa mwaka ni malori zaidi ya hamsini. Na hapo sijahesabu betri hata moja: jenereta la usiku liko palepale, linaunguruma kama kawaida. Anayeuliza "usiku je?" ameuliza swali halali, lakini malori hamsini yameshampita. Kwa nchi inayonunua kila tone kwa dola, hiyo ni fedha ya dawa na vitabu.

Wenye shaka nao hawasemi upuuzi. Matumizi hupanda kuanzia saa moja jioni, jua limeshazama. Wingu moja likipita juu ya gridi ndogo, umeme hushuka ghafla na jenereta hulazimika kukimbilia pengo. Jenereta lenyewe halipendi kuendeshwa chini ya thuluthi hivi ya uwezo wake, hivyo mchana wa jua kali wakati mwingine umeme wa paneli hutupwa. Ongeza ardhi finyu, chumvi ya bahari na vimbunga. Dominica, kisiwa cha Karibea, haijasahau kimbunga Maria cha mwaka 2017.

Mengi ya hayo betri inayatibu. Kisiwa cha Ta'u, Samoa ya Marekani, tangu mwaka 2016 kina megawati 1.4 za paneli na betri za uniti 6,000, zilizopangwa kukibeba siku tatu bila jua. Watu wake hawafiki elfu moja, kwa hiyo tusiwafananishe na mji. Palau ni kipimo kizuri zaidi: kituo kilichozinduliwa mwaka 2023 kina paneli za megawati 15 na betri za uniti karibu 13,000. Majenereta hayajaondoka, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya mkopo. Dizeli hulipwa kidogo kidogo, meli kwa meli, hata na hazina iliyochoka. Sola hudai karibu fedha zote siku ya kwanza, kisha betri huzeeka kabla ya paneli. Paneli hufika miaka 25; betri nyingi huhitaji kubadilishwa kati ya mwaka wa kumi na wa kumi na tano, wakati mfadhili aliyekata utepe ameshahamia kwingine. Waziri wa kisiwa anayesaini mkataba usiosema nani atanunua betri za pili, na kwa fedha ipi, atarudi kwenye meli ya mafuta huku akiwa bado na deni la paneli.