Mtoto Anapomkataa Mzazi Wake

Ndoa ikivunjika Igoma au Kirumba, jijini Mwanza, ugomvi wa kiwanja na vyombo huwa na mwisho wake. Ugomvi wa watoto huhamia ndani, kwenye maneno ya kila siku: "Baba yako alitutupa." "Mama yako malaya, usipokee simu yake." Mtoto wa miaka tisa akilishwa hayo mfululizo, hufika siku akasema kwa mdomo wake kwamba mzazi yule hamtaki.

Je, mahakama imwondoe mtoto kwa mzazi aliyemlisha maneno hayo?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mwaka 1985 daktari wa akili wa Marekani, Richard Gardner, aliielezea hali hii kama tatizo la kitabibu na kuiita "parental alienation syndrome", yaani mtoto kutengwa na mzazi wake kwa maneno ya mzazi mwingine, na mwaka 2010 Brazil ikaitungia sheria. Madhara yapo kweli. Mtoto anayeambiwa kwamba baba yake ni takataka anajua yeye ni damu ya baba huyo, na aibu ile anaibeba mwenyewe. Anampoteza pia bibi, shangazi na binamu wa upande ule. Tusidhani ni akina mama tu wanaofanya hivi. Kwetu Usukumani, ng'ombe wa mahari wakishatoka, ukoo wa baba huhesabu watoto ni wao. Mama akiachika, watoto hupelekwa kwa bibi Sengerema au Ukerewe, wakaambiwa aliwakimbia.

Lakini upande wa pili unanigusa zaidi. Mtoto aliyeona mama yake akipigwa ana sababu ya kumwogopa baba, na baba huyo huyo anaweza kusimama mbele ya hakimu akadai mtoto amejazwa sumu. Ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliondoa istilahi ya "parental alienation" kwenye orodha yake ya magonjwa, na mwaka 2023 Reem Alsalem, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, akazitaka nchi zipige marufuku dai hilo katika kesi za familia. Nakubaliana naye: mtoto kukataa si ushahidi kwamba amelishwa maneno.

Sikubali, hata hivyo, kwamba tunyamaze. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 kinampa mtoto mwenyewe haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wake mwingine. Kwa hiyo afisa ustawi wa jamii aanze na mtoto, peke yake, kwa utulivu, zaidi ya mara moja: umeona nini, na umeambiwa nini? Kama kuna kipigo, usalama wake utangulie. Kama hakuna, mzazi aonywe mapema, kabla chuki haijaota mizizi.

Kuna jambo la huku Ziwa Victoria ambalo maamuzi mengi yanaweza kulisahau. Mvuvi wa dagaa huishi kambini visiwani, akivua usiku wa giza kwa taa. Ukimpangia kumwona mwanawe kila Jumamosi, atakosa nyingi, na kila anayokosa inathibitisha lile neno "alitutupa". Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawavuliki vizuri, naye hurudi nchi kavu. Ratiba ifuate mbalamwezi hiyo. Kwa walioko Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kisingizio cha foleni ya kivuko nacho kimekwisha.

Na lile la "hajatoa hela ya matunzo, mtoto hamwoni" liachwe kabisa. Matunzo yadaiwe mahakamani, hata kwa ukali, huku mtoto akiendelea kumwona baba yake. Ada ya shule isiyolipwa ni deni la mtu mzima, mtoto hakukopa.