Fainali ya Kigoma haikuwa adhabu

Juzi usiku nilikuwa nasikiliza kipindi cha michezo redioni. Mchambuzi mmoja akaulizwa, ikitokea Simba na Yanga wakakutana tena fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, ichezwe wapi? Akajibu papo hapo: kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, maana kuipeleka kwingine ni kuwaadhibu mashabiki kama walivyoadhibiwa Kigoma. Mtangazaji akaitikia, wakahamia kwenye usajili. Mimi nikazima redio.

Nimezaliwa Ujiji, Kigoma, na mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga. Kama kuna mtu mwenye sababu ya kuichukia Julai 25, 2021, siku Simba walipotufunga kwenye fainali hiyo ya Kigoma, basi nipo mstari wa mbele. Kiungo wetu Mukoko Tonombe alioneshwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, tukabaki kumi, tukabana na kubana, hadi dakika ya 79 Luis Miquissone wa Simba alipochonga kona na Taddeo Lwanga akaiweka wavuni kwa kichwa. Bao moja, kombe likaenda Msimbazi, kwa Simba. Iliuma sana, hasa kwa kuwa mwanzoni mwa mwezi huohuo tulikuwa tumewafunga Dar es Salaam kwa bao la Zawadi Mauya. Sipendi hata kuiona marudio yake. Lakini kuiita adhabu? Hapana, hilo sikubali.

Tuulizane kwanza, anaposema mashabiki anamsema nani? Anamsema mtu wa Temeke, Ilala na Kinondoni, ambaye siku ya dabi, mechi ya Simba na Yanga, anapanda daladala hadi uwanjani na usiku analala kitandani kwake. Huyo ndiye aliyelazimika mara moja kufunga safari ndefu. Sisi wa Kigoma, kutoka stesheni ya mwisho ya Reli ya Kati hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na tumezisafiri miaka yote kwenda kuziangalia timu hizi. Hakuna mchambuzi aliyewahi kukaa studio akalia kwa niaba yetu.

Mei 8, 2021, miezi miwili na nusu tu kabla ya fainali ya Kigoma, watu walikuwa wamejaa kwa Mkapa kwa ajili ya dabi ya ligi. Mechi ilipangwa saa 11 jioni, ikasogezwa hadi saa 1 usiku siku hiyohiyo, Yanga wakasema kanuni haziruhusu, wakaondoka. Mpira haukuchezwa. Machi 8, 2025 ikawa tena: mvutano wa mazoezi ya Simba uwanjani, mechi ikaahirishwa siku yenyewe, ikaja kuchezwa mwishoni mwa Juni. Siku zote mbili mjini kulikuwa na watu waliotoka Mwanza, Mbeya, Songea na Bukoba, wenye nauli ya kwenda na kurudi, wenye gesti waliyolipia, waliofunga maduka yao. Mjadala wote ukawa wa kanuni na viongozi. Kama tunatafuta mashabiki walioadhibiwa, tuanze na hao. Tusianze na mkazi wa Sinza aliyeombwa mara moja katika maisha yake aje kwetu.

Na hizi klabu ni za nani? Najua makao makuu yapo Kariakoo, Yanga Jangwani na Simba Msimbazi. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilizaliwa kwenye mitaa ile na hakuna anayewanyang'anya historia yao. Lakini klabu inakuwa kubwa kwa sababu mtoto wa Kibondo anavaa jezi yake na mzee wa Uvinza anagombana na jirani yake kwa ajili yake. Mwaka uleule wa 2021 Azam Media walisaini na shirikisho la soka nchini, TFF, mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Fedha hizo hazikuwekwa mezani kwa sababu ya watazamaji wa Dar es Salaam peke yao. King'amuzi cha Kasulu kinalipiwa bei ileile ya king'amuzi cha Masaki. Mwenye kibanda umiza, banda la kuoneshea mpira, wa Mwanga ya hapa Kigoma anakusanya mia tano mia tano za vijana ili alipie kifurushi. Hata kwenye milingoti tumechangia: Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, amedaka Simba na amedaka Yanga. Tunatoa wachezaji, tunatoa fedha, tunatoa sauti, kisha tukipewa dakika tisini tunaambiwa tumewaadhibu wenzetu.

Mama yangu mdogo anauza samaki, migebuka, sokoni. Ni Simba wa kufa, na kabla ya siku ile hajawahi kuziona timu hizi mbili uwanja mmoja ila kwenye tivii, tena kwa kusimama mlangoni kwa sababu ndani wamejaa wanaume. Siku ya fainali aliacha meza yake kwa binti yake na akatangulia uwanjani mapema kabisa. Jioni nilimpigia nikiwa nimejiandaa kutaniwa. Hakuanza na bao, alianza na John Bocco, mshambuliaji wa Simba. Akaniambia, "Mwanangu, Bocco ni mrefu! Kwenye tivii wanamfupisha." Kisha akanieleza namna uwanja ulivyokuwa, wanawake aliowakuta, jinsi walivyopeana maji na wa Yanga wa pembeni yake. Bao alilikumbuka baadaye, na hapo ndipo alipoanza kunichoma.

Wanaosema dabi haiwezi kutoka Dar es Salaam wawaulize wazee wa Mwanza. Mwaka 1974 mechi ya kuamua ubingwa wa taifa kati ya Simba na Yanga ilichezwa Nyamagana. Simba wakatangulia kwa Adam Sabu, Gibson Sembuli akasawazisha, Sunday Manara akamaliza kazi kwenye dakika za nyongeza, 2-1. Zaidi ya nusu karne imepita na mechi ile bado inaitwa kwa jina la uwanja, Nyamagana, na ukikaa na wazee wa pale watakuonesha kwa mkono mpira ulipotokea. Mwaka uliofuata walikutana fainali ya klabu za Afrika Mashariki na Kati kule Zanzibar, na 1992 Zanzibar tena, Simba wakashinda kwa penalti. Mechi kubwa ikichezwa mahali inabaki kuwa mali ya mahali hapo. Leo vijana wa Kigoma wanabishana Lwanga alirukia wapi, nao walikuwepo.

Ndiyo, uwanja wetu si wa Mkapa. Kule wanaingia watu 60,000, kwetu haifiki hata karibu, na mapato ya mlangoni yanapungua. Nakubali pia kwamba gesti zilijaa na bei zikapanda. Wapo watakaosema sasa Mashujaa wapo Ligi Kuu tangu 2023, kwa hiyo Simba na Yanga zinakuja Kigoma kila msimu. Zinakuja, na tunashukuru, lakini kila moja kwa wakati wake. Dabi ni kitu kingine na kila mtu anajua.

Kombe hili lenyewe limekuwa likitembea. Fainali zimechezwa Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Tanga, Zanzibar. Mwaka ule wa 2021 hata nusu fainali zilikuwa Songea na Tabora. Hakuna aliyelalamika Simba na Namungo walipokwenda Sumbawanga. Tangu kombe lirudishwe msimu wa 2015/16 hadi fainali ya 2025, watani hawa, Simba na Yanga, wamekutana fainali mara moja tu, na mara hiyo moja ndiyo wanayotaka kutunyima hata kumbukumbu yake.

Kwa hiyo TFF, msisikilize kelele za studio. Ikitokea tena, ipelekeni Sokoine, Mbeya. Ipelekeni Kaitaba kule Bukoba, au Majimaji ya Songea, au Nangwanda Sijaona kule Mtwara, ambako watu wa kusini wamesubiri vya kutosha. Utangazeni uwanja mapema, robo fainali ikiisha, ili watu wajipange na nyasi zishughulikiwe. Ongezeni vyoo na milango ya wanawake. Na tiketi ziuzwe kwanza pale pale mkoani, madirishani, kwa siku kadhaa kabla ya kuwekwa mtandaoni, ili muuza samaki asiyejua kulipia kwa simu apate ya kwake kabla basi la kwanza kutoka Dar es Salaam halijaondoka.