Sakafu Iliyonifungia Ndani, Baba Mkwe Akiwa Nje

Fundi alipomaliza sakafu ya mbao ya chumba changu cha kulala, hapa Kigamboni, alinionyesha kona kwa kidole: "Bosi, nimezibana mpaka sisimizi hapiti." Nikamwongezea elfu kumi ya soda. Yaani kosa lenyewe nimelilipia na nyongeza.

Alikuwa fundi marumaru, na marumaru hazivimbi. Mbao nilizonunua ni zile za matabaka: juu ngozi ya mti halisi, milimita 3, chini plaiwudi ambayo nyuzi zake zinapishana. Kupishana huko kunazifanya zitulie kuliko ubao mzima wa mninga, lakini unyevu bado zinakunywa na bado zinatanuka. Ndiyo maana pembeni huachwa milimita 10 hadi 12 kuzunguka chumba kizima, kisha skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, inafunika. Na skatingi hupigiliwa ukutani, si sakafuni.

Masika yakaingia. Shangazi naye akaingia, kutoka Muheza. Shangazi yangu hapigi deki kwa tambara lililokamuliwa, anamwaga ndoo. Nikamwambia hii sakafu ni ya mbao. "Hata mtumbwi ni wa mbao, mwanangu," akanijibu, akaendelea.

Jumamosi nimejilaza baada ya wali, msuli na singlendi, mlango nimeurudishia. Paa! Nikadhani tairi la bajaji. Kumbe katikati ya chumba kimeota kilima, kimetoka uvunguni hadi mlangoni. Mlango unafungukia ndani. Nikavuta, ukagota. Chumba cha mita 4, mbao zikitanuka sentimita 1 tu na pa kwenda hakuna, katikati panaweza kuinuka zaidi ya sentimita 10.

Hapohapo barazani nasikia, "Hodi wenyewe!" Baba mkwe, seremala mstaafu. Nikasogeza wavu wa mbu, nikashika nondo za dirisha kama mahabusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umejifungia?"

"Sakafu imeniinukia, baba."

Hakucheka. Alichungulia, akaanza kunihoji. Pembeni umeacha nafasi? Sikuacha. Maboksi yalilala chumbani siku ngapi? Yalishuka kwenye kirikuu asubuhi, mchana yakatandikwa, wakati yalitakiwa yalazwe mle siku 2 au 3 yazoee hewa ya chumba. Jamvi, lile zege la chini, ulilipima unyevu? Hapo nikatazama dari. Unabandika kipande cha nailoni juu ya zege, kingo zote kwa utepe, unakiacha siku nzima. Ukikuta matone chini yake au zege limekolea rangi, hutandiki kitu.

"Na kabati?"

Kabati la nguo limesimama juu ya mbao, limefungwa ukutani kwa skrubu. Upande ule sakafu haiwezi kusogea hata kwa dua.

"Sakafu umeitia jela, mwanangu," akasema, akinitazama mimi na nondo zangu.

Akaenda kwenye gari, akanipitishia patasi na nyundo dirishani. Ng'oa skatingi, ukuta unaotazamana na kabati. Chonga ukanda wa upana wa kidole, sambamba na ukuta. Nilichonga saa nzima na nusu nikiwa na msuli uleule, mke wangu akinipitishia chai, Shangazi akiniambia nishike patasi kwa mkono mwingine. Nilipopita nusu ya ukuta, mbao zikaanza kuteleza zenyewe kuelekea kwenye ule upenyo, kilima kikashuka huku kinalia kama mlango wa banda. Nikatoka kwa kubana tumbo.

Mbao sita zilikuwa zimevunjika midomo ya kuungia, na akiba sina. Chumba ni mita 4 kwa 5, nikanunua mita za mraba 20 kamili, badala ya 22, maana asilimia 10 huliwa na vipande vya kukata na ajali kama hizi. Dukani rangi ile imekwisha. Sasa pale kuna mkeka.

Fundi nilimwita aje kufungua kabati na kupiga skatingi pana zaidi. Akainama, akaukagua upenyo wangu mwanzo hadi mwisho, akasikitika.

"Bosi, sasa hapa sisimizi si watapita?"