Gesi ya Lindi na Mtwara Iwe Mbolea Kwanza

Mjadala wa gesi asilia nchini Tanzania umegawanyika katika kambi mbili. Moja inasema kwamba gesi iliyogunduliwa, inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57, ichimbwe na kuuzwa upesi kabla wanunuzi hawajahamia kwenye jua na upepo. Nyingine inasema kwamba nchi yenye mito, jua na joto la ardhini haina sababu ya kuendelea kuchimba nishati inayochafua hewa. Kambi zote mbili zinaizungumzia gesi kama kitu cha kuchomwa tu, na hapo ndipo ninapotofautiana nazo.

Gesi ni malighafi kabla ya kuwa nishati. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ikipashwa moto pamoja na mvuke wa maji hutoa haidrojeni, na haidrojeni hiyo ikiunganishwa na naitrojeni inayotokana na hewa hupatikana amonia, ambayo ndiyo mama wa urea, mbolea ya kukuzia. Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Songea anaponunua mbolea hiyo, kwa kiasi kikubwa ananunua gesi ya nchi nyingine iliyogeuzwa kuwa punje nyeupe. Hilo lilidhihirika mwaka 2022, bei ya gesi duniani ilipopaa baada ya vita vya Ukraine. Mfuko wa kilo 50 wa urea ulipita shilingi 100,000, na serikali ikalazimika kuanzisha ruzuku ili mkulima aupate kwa shilingi 70,000. Fedha za umma zilipunguza makali ya bei ya mbolea ya kigeni, ilhali gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ikiendelea kuchomwa kwenye mitambo ya umeme.

Miaka ya nyuma kulikuwa na sababu ya kuichoma. Oktoba 2015 maji yalipungua mabwawani hadi vituo vya umeme wa maji vikazimwa, na bila ya gesi nchi ingekuwa gizani. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa ulitokana nayo. Leo hali imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na jirani zetu Kenya wamekwishaonyesha, kwa jotoardhi ya Olkaria na upepo wa Turkana, kwamba sehemu kubwa kabisa ya umeme wa nchi inaweza kutoka kwenye nishati jadidifu. Mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo ibaki kwa ajili ya miaka ya ukame, kwa kuwa bwawa moja kubwa haliwezi kutegemewa peke yake. Lakini kila futi ya gesi isiyohitajika kwenye umeme ingefaa kwenda kwenye mbolea.

Wako wanaotaka viwanda vya plastiki na kemikali nyingine za petroli vijengwe kusini, na wako wanaodhani kwamba gesi hii itashusha bei ya mitungi ya kupikia. Wote wanapaswa kujua kwamba gesi yetu ni kavu: ile ya Songo Songo ni methani kwa zaidi ya asilimia 95. Plastiki hutegemea zaidi ethani, na mitungi hujazwa propani na butani, ambazo tunaziagiza kwa meli. Methani inaweza kufikishwa jikoni kwa mabomba, na hilo linastahili kufanywa mijini, lakini kiwandani kazi inayoifaa hasa ni amonia na methanoli.

Mfano hauko mbali nasi. Sur, mji wa Oman ambao majahazi yake yalikuwa yakishuka na kaskazi hadi Unguja, una kiwanda cha urea kilichoanza uzalishaji mwaka 2005, nusu yake ikimilikiwa na vyama viwili vya ushirika vya India. Wahindi walihitaji mbolea, Waomani walikuwa na gesi, wakafunga mkataba wa muda mrefu wa gesi na wa ununuzi wa urea. Kwetu mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa Masoko ulitangazwa, ukajadiliwa miaka kadhaa, ukakwama kwenye bei ya gesi. Naelewa kwamba TPDC, shirika la umma la mafuta na gesi, haliwezi kugawa gesi bure. Hata hivyo, bei inayokadiriwa bila kuhesabu ruzuku ya mbolea na fedha za kigeni zinazotumika kuagiza urea ni bei iliyokosewa.

Hoja ya wanamazingira siipuuzi. Methani ikivuja hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 20, kwa hiyo kiwanda kinachovujisha mabomba hakina utetezi. Vilevile haidrojeni inaweza kutolewa kwenye maji kwa umeme, na naamini siku moja mbolea yote itatengenezwa hivyo. Lakini sehemu kubwa ya kiwanda cha amonia haijali haidrojeni imetoka wapi; kikijengwa leo kwa gesi, kinaweza kubadilishiwa chanzo umeme wa jua utakapokuwa wa kutosha na wa bei nafuu. Na mataifa yaliyoahidi kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021 kuacha kufadhili gesi ugenini, Ujerumani ikiwamo, yalihaha kutafuta gesi mwaka uliofuata. Ushauri wao tuupime kwa matendo yao.

Juni 2022 serikali ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell kuhusu mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika huko Likong'o, Lindi, unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 42. Kabla ya mkataba wa mwisho, Bunge lingepaswa kuonyeshwa mambo mawili kwa maandishi: kiasi cha gesi kitakachobaki nchini kila mwaka, na bei ambayo kiwanda cha mbolea kitauziwa. Watu wa Mtwara walipoandamana mwaka 2013 kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam, walikuwa wakidai viwanda vijengwe kwao, na dai hilo bado halijajibiwa ipasavyo.