Maziwa Yapo, Muda Ndio Hakuna

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, alibisha mlango usiku, kikombe cha uji wa wimbi mkononi. Mwanangu alikuwa na miezi mitatu na nusu, na alikuwa akilia tangu magharibi. "Mama Baraka, huyu ana njaa. Maziwa matupu hayamshibishi. Mpe hata vijiko viwili alale." Alisema kwa upendo, na mwenyewe amelea wanne. Nilikataa, na hadi leo naona nilifanya vyema.

Uji ule ulikuwa mwepesi, ukiuchota unachuruzika kama maji. Mililita 100 za maziwa ya mama zina takriban kalori 65 hadi 70, na karibu nusu yake hutoka kwenye mafuta. Uji wa maji mengi namna ile haufiki hapo. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza uji, umeyafungia mlango maziwa yenye nguvu zaidi.

Wengi tunashtushwa na mizani ya kliniki. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne uzito hauongezeki kwa kasi ya mwanzo, basi mama anaambiwa maziwa yamekwisha. Sivyo. Mtoto wa mwezi mmoja huhitaji kalori 100 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akifika miezi sita huhitaji karibu 80, kwa sababu ukuaji umepungua mbio. Tena anayenyonya hutumia nishati kidogo kuliko anayelishwa maziwa ya kopo. Hata wataalamu walikuwa wamekadiria mahitaji haya juu mno, na ripoti ya mwaka 2004 ya FAO, WHO na UNU, taasisi za Umoja wa Mataifa, ikayashusha. Kwa hiyo usimpime wako kwa wa jirani anayekunywa kopo. Tazama nepi zinavyolowa, tazama uchangamfu wake, na mstari kwenye kitabu cha kliniki kama bado unapanda.

Akitimiza miezi sita, uji karibu, lakini uwe mzito, ukae kwenye kijiko.

Kinachoniuma ni kwingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu, nasi tunahimizwa kunyonyesha miezi sita bila kitu kingine. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Nilikokuwa nikifanya kazi, nilikamulia chooni, nikimwaga maziwa kwenye sinki kwa kukosa friji. Siku nyingine sikupata hata nafasi hiyo, nikarudi na matatu ya Jogoo Road blauzi imelowa. Titi lisilotolewa maziwa hupunguza kuyatengeneza, na hapo ndipo maziwa hukosa kutosha kweli.

Uji wa jirani sikuumwaga. Niliunywa mimi, maana anayenyonyesha huhitaji takriban kalori 500 zaidi kila siku. Nilipomweleza hivyo, kesho yake aliniletea themosi nzima.