Kofia ya afisa wa Kijerumani isiyo na tai: irudishiwe beji au iachwe?

Kofia nyingi za maafisa wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani wa enzi za Hitler huwafikia wakusanyaji zikiwa hazina tai, yaani beji ya ndege tai aliyeshika swastika, alama ya Wanazi. Mwaka 1945 askari wa Marekani au Uingereza aling'oa beji akaitia mfukoni kama kumbukumbu, au mwenye kofia aliitoa mwenyewe baada ya Mataifa Washirika yaliyoshinda vita kupiga marufuku alama za kijeshi. Je, mnunuzi atafute tai mwingine wa wakati ule?

Wanaotaka arudishwe wana hoja. Bila tai na shada la majani ya mwaloni, mtazamaji hubaki na ukingo wa rangi tu: mweupe kwa askari wa miguu, mwekundu kwa mizinga, wa waridi kwa vifaru. Isitoshe, beji zilitoka viwandani kwa wingi. Hakuna tai aliyezaliwa na kofia fulani.

Kitambaa ndicho kinachowaumbua. Beji hushikwa na vipini vyembamba vinavyopenya na kukunjwa kwa ndani. Geuza mkanda wa ngozi wa kuzuia jasho, upande wa mbele, utafute matundu ya zamani. Sehemu iliyofunikwa na tai haikupauka, kwa hiyo kivuli cha mabawa hubaki. Tai wa 1934 ana mabawa mafupi kuliko aliyemfuata; ukikosea toleo, kivuli huchungulia pembeni au matundu hayalingani. Vipini vya alumini vikikunjwa na kunyooshwa mara mbili tatu hukatika. Mwenye pupa hutoboa matundu mapya, na ushahidi umekwenda. Mkunjo unaong'aa kwenye chuma kilichofifia ni dalili ya kazi ya juzi.

Sheria nayo ina uzito. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinaadhibu kuonyesha swastika hadharani kwa faini au kifungo cha hadi miaka 3, isipokuwa kwa elimu, utafiti, sanaa na mengine ya aina hiyo. Kofia tupu haina kesi.

Kwangu, iachwe. Kung'olewa kwa alama ya utawala ulioua Wayahudi milioni sita ni sehemu ya historia ya kofia yenyewe, pengine iliyo bora. Anayeng'ang'ania atumie matundu yaliyopo tu, apige picha kabla, na aandike tarehe ya kumrudisha tai kwenye karatasi isiyo na asidi itakayokaa na kofia. Muuzaji asiyekuonyesha upande wa ndani, mlipe bei ya kofia tupu.