Msimwambie mstaafu apumzike

Siku niliyoagwa kazini nilipewa khanga doti mbili, saa ya ukutani na hotuba sita. Zote sita ziliishia palepale: mama, sasa ukapumzike. Nilikuwa nimetimiza miaka 60, umri ambao kwa mtumishi wa umma wa kawaida hapa Tanzania hakuna mjadala (kwa hiari unaweza kuondoka na 55, mimi sikutaka). Miaka 33 nimeimaliza masijala, mimi na majalada na vumbi lake. Nikasema kweli, acha nipumzike.

Nikapumzika miezi minne. Sijawahi kuchoka kama miezi ile. Saa kumi na moja alfajiri macho makavu, halafu hakuna pa kwenda. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nampigia simu binti yangu mpaka akaanza kupokea kwa kunong'ona, "Mama, niko kwenye kikao." Upweke haukuwa shida yangu, nyumba ina wajukuu wawili na kelele zao. Shida ni kwamba mimi nisipoamka, hakuna kitu ambacho kingeharibika.

Bustani nimeingia kwa bahati tu. Sisi wa Morogoro mjini tumezoea mboga ishuke yenyewe kutoka Uluguru, vichwani mwa akina mama, alfajiri. Unanunua fungu, unachambua, basi. Sasa jirani yangu, mzee aliyestaafu udereva wa malori, alikuja na marando ya matembele yamefungwa kwa kamba ya mgomba. "Mama, chomeka haya, kwangu hayana nafasi." Nikayachomeka nyuma ya bafu, nikasahau. Wiki mbili baadaye yametambaa kama yana hasira.

Nikajiona mkulima. Nikapiga tuta la mchicha, nikachukua mbolea ya kuku kwa kijana anayefuga jirani, ikiwa mbichi vilevile, nikaimwaga na kusia mbegu siku hiyohiyo. Siku ya nne miche ikachomoza, laini, myekundu kwa chini. Kufika siku ya kumi ncha zimekauka na miche yote imelala chali. Jirani akainama, akachota udongo, akanusa. "Umeiunguza. Hiyo unaifunika turubai wiki kadhaa, unaigeuza, mpaka ukitia mkono haina joto wala harufu." Niliingia ndani nikalia. Mtu mzima, nalilia mbegu za mia tano.

Lakini usiku ule nililala nawaza tuta, na asubuhi nilikuwa na kazi.

Tangu hapo nimejifunza mengi madogo. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama ugoro, kwa hiyo naichanganya na mchanga mkavu ili isianguke rundo moja. Wadudu mafuta nawanyunyizia majivu asubuhi majani yakiwa bado na umande. Ukichuma matembele kwa kukata ncha yanachipua tena, ukiyang'oa umekula mara moja. Na nina ratiba, mwenzenu: Jumatatu kupalilia, Alhamisi samadi.

Kuhusu pesa, nisimdanganye mtu. Mafungu mawili matatu, mtoto kaja na mia tano mkononi. Nina mwenzangu aliyezamisha kiinua mgongo kizima kwenye matikiti maji ya kilimo cha simu, shamba liko wilaya nyingine, msimamizi kila siku anasema yanaendelea vizuri. Hiyo ni biashara, tena ya hatari, wala siyo ninayoizungumzia. Ninayoizungumzia unaifikia kwa kandambili.

Kuna utafiti wa zamani ambao mwanangu alinisomea, nikaupenda. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, waliuchapisha kutoka kwenye makao ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa mambo yao wataamua wenyewe, na mmea watakaouchagua wataulea wenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea pia, ila wakaambiwa wauguzi ndio watakaoumwagilia. Baada ya wiki chache wale wa kwanza walikuwa wamechangamka kuliko wenzao. Walikuwa na uamuzi mwingine pia, kama siku ya kutazama sinema, kwa hiyo siwezi kuupa mmea sifa zote. Lakini kijani walikuwa nacho wote. Wa kwanza tu ndio walioachiwa kopo la maji.

Nalikumbuka hilo kila nikiwaza safari yetu ya mwaka juzi. Kikundi chetu cha akina mama kilipeleka zawadi kwenye makao fulani ya wazee: mchele, sabuni, mafuta ya kupaka, na picha tukapiga. Nyuma ya bweni kuna bustani, sukuma wiki imesimama kama gwaride. Nikamuuliza bibi mmoja lake ni tuta lipi. Akanitazama kama nimemuuliza ndege yake ameiegesha wapi. "Ya kijana wa mshahara, mwanangu. Sisi tukiingia tunaambiwa tutaanguka." Vidole vyake vilikuwa vimekunjika kama vya mtu aliyeshika mpini wa jembe tangu utotoni.

Hofu yao naielewa, nyonga ikivunjika uzeeni si jambo la mchezo. Hata hivyo nasema: mpeni bibi yule tuta moja, urefu hatua tatu, na kibao chenye jina lake. Likinyauka, linyauke. Ni lake.

Na asiyeweza kuinama? Hilo nimelijibu mwaka jana, jirani yangu alipopata kiharusi na watoto wake wakamficha jembe. Tulimjazia magunia matatu udongo na samadi (iliyopoa!), katikati tukapitisha mawe kwa kutumia kopo lisilo na kitako, unalivuta juu kadiri udongo unavyopanda, ili maji yafike hadi chini. Ubavuni tukatoboa matundu, kila tundu mche wa sukuma. Yeye anakaa kwenye kiti na bustani imemfikia kifuani.

Jana jioni nimepita kumjulia hali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kachuma upande huu?"

Nilikuwa mimi, juzi, mboga ya usiku ilipungua. Akanionesha kwa mkono ule mzima: nilikuwa nimekwanyua mpaka kiini cha mche. "Majani ya chini, mama. Ya chini! Huyu sasa atachipulia wapi?"

Nikaomba radhi. Akanisukumia kopo nimwagilie gunia la tatu, lile la kushoto, ambalo mkono wake haulifikii.